Siku Niliyoililia Timu ya Taifa

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu hapa Nchelenge, katika shule iliyo juu kidogo ya bandari ya ziwa, asubuhi ile habari ilipofika kwamba ndege iliyobeba timu ya taifa ya mpira imeanguka baharini, mbali huko magharibi mwa Afrika, na hakuna aliyepona. Watu wa rika langu wanaupenda mchezo wa kukumbushana siku hiyo. Ukae nao msibani, saluni au kwenye boti ya kwenda Chisenga, lazima mmoja aanze: wewe ulikuwa wapi? Huyu alikuwa anachota maji. Yule alikuwa anachapwa na mwalimu, na mwalimu akaacha fimbo hewani. Wanacheka kidogo, wanasikitika kidogo, chai inaendelea. Mimi nikiulizwa nasema nilikuwa shuleni, halafu natafuta kazi ya kufanya, hata kama ni kukunja kitenge ambacho tayari kimekunjwa.

Ni kweli, nilikuwa shuleni. Mwalimu wetu aliitwa nje, akarudi ameziba mdomo kwa mkono. Alitueleza kwa Kibemba, kisha akakaa juu ya meza yake, jambo ambalo sisi tungepigwa kwa kulifanya, akalia mbele yetu kama mtu asiyetuona. Tukaambiwa twende nyumbani.

Nilikimbia. Nilitaka niwe wa kwanza kuifikisha habari ile, kwa sababu nyumbani kwetu mpira ulikuwa jambo la papa, yaani baba yangu, na mimi nilikuwa mtu wa papa. Alikuwa Mkongo, mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, lakini alioa huku na kuzaa huku, na timu aliyoipenda ilikuwa ya huku. Kazi yake ilikuwa kununua samaki aina ya makobo kwa wavuvi wa kisiwa cha Chisenga na kuja kuwauza bandarini. Kila alikokwenda alikwenda na redio yake ndogo, amelifunga tumbo la redio hiyo kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Akiwa nyumbani siku ya mechi, nilikaa chini katikati ya miguu yake, na mtangazaji akipandisha sauti nilisikia magoti ya papa yakikaza mbavu zangu. Asubuhi ile alikuwa bado yuko Chisenga, hivyo ndivyo nilivyojua, na njia nzima nilikuwa najiuliza ataipokeaje habari.

Nilipofika nilikuta ua umejaa watu. Wanawake walikuwa wamekaa chini wamenyoosha miguu, wanalia. Mama alikuwa katikati yao, kichwa wazi, majirani wawili wamemshika mabega. Sikuogopa hata kidogo. Niliona tu kwamba wamenitangulia, nikaudhika.

"Mama," nikamwuliza, "mulisha kusikia habari ya timu?"

Kilio kilikatika. Mama alinitazama, akamtazama Shangazi Odila, dada yake papa, aliyesimama mlangoni, kisha akanirudia mimi.

"Ee, mwanangu," akasema. "Tulisha kusikia. Batu bote ya timu bamekufa. Njo tunabalilia."

Basi nikakaa chini pamoja nao, nikalia.

Hawakuwa wanaililia timu. Boti ya papa ilikuwa imepinduka ikitoka Chisenga, imejazwa kupita kiasi, upepo ukaikuta katikati ya safari. Wenzake waling'ang'ania boti iliyolala tumbo juu mpaka wavuvi wakawaokota. Yeye hakuonekana. Habari hiyo iliingia uani kwetu wakati mimi nahesabu vijiti darasani. Na ukoo wa papa una imani moja, waliyovuka nayo kutoka ng'ambo, kwamba maji yakimchukua mtu, wa damu yake hawamlilii mpaka maji yamrudishe. Mke anaruhusiwa kulia, maana yeye ni wa damu nyingine. Majirani pia. Lakini mama aliyemzaa, ndugu zake na watoto wake wakidondosha chozi ardhini, ziwa linalionja, linajua limeshika mtu wa nani, na halimwachii tena. Watu wazima wanaweza kujikaza. Mtoto hawezi, kwa hiyo mtoto haambiwi. Walikuwa wamekaa pale hawajui watanificha vipi, na mimi nikaingia mbio na uongo mzima mkononi, nikawapa.

Kambo, yaani bibi yangu aliyemzaa papa, alikuwa amekaa peke yake karibu na kichanja cha kukaushia samaki. Macho yake yalikuwa makavu. Nilimtazama katikati ya kilio changu nikasema moyoni, Kambo hajali mpira. Hata nilimchukia kidogo.

Shangazi Odila alikuja akapiga magoti mbele yangu, ameshika ncha ya kitenge chake, akaanza kunifuta. Alinifuta upesi upesi, chozi halijafika shavuni ameshalichukua. Nikiinama ananiinua kidevu. Nikigeuka ananifuata.

"Tosha, mama, tosha," akawa ananibembeleza. "Bale haiko bandugu yako. Juu ya nini unalia vile?"

"Papa atalia sana," nikamwambia. "Nani atamwambia?"

Mkono wake ulisimama usoni pangu. "Papa yako naye alisha kusikia," akasema. "Iko na redio yake."

Nilimwamini. Kwa miaka mingi niliikumbuka ile ncha ya kitenge kama upendo mkubwa kuliko wote niliowahi kuonyeshwa. Nilikuwa tayari nimeolewa ndipo nilipoelewa kwamba Shangazi alikuwa analinda ardhi isinywe machozi yangu. Uso wangu ulikuwa kazi aliyopewa. Bado sijui nifanye nini na kumbukumbu hiyo, maana joto la mkono wake lilikuwa la kweli.

Hakuna aliyekataza kilio changu moja kwa moja. Wangenikatazaje? Nchi nzima ilikuwa inalia. Nadhani walijiambia kwamba machozi ya mpira ni machozi ya mpira, ziwa halitayahesabu, na Shangazi na kitenge chake wakawekwa kwa tahadhari tu. Nami nililia kama sijawahi kulia. Niliwalilia wachezaji mmoja mmoja kwa jina. Majirani walitikisa vichwa, na mmoja akasema kwa Kibemba kwamba mtoto huyu ana moyo. Nilimsikia, nikajivuna, nikaongeza sauti.

Siku zilizofuata walinichezea danganya toto mchana kweupe. Kila asubuhi mitumbwi ilitoka ufukweni kwetu, wanaume wakiwa wamesimama wanatazama majini, na jioni ilirudi bila samaki. Nikiuliza naambiwa samaki wamekimbia. Nikimwuliza mama papa atakuja lini, ananiambia upepo bado ni mkali. Usiku nilipelekwa kulala kwa jirani, eti kwetu wageni ni wengi. Na mimi, mjinga wa Mungu, nilikuwa namwekea papa habari. Kila kitu kilichotoka redioni nilikishika: nyimbo za kanisani zilizopigwa, miili itafika lini, watazikwa wapi. Nilikuwa nakariri nikiosha sufuria, nikiogopa betri zake zimekwisha kule kisiwani na amekosa sehemu yoyote.

Kisha miili ya wachezaji ikaletwa nyumbani. Tuliisikiliza siku hiyo kwa redio ya jirani, uwanja mzima ukiimba. Bahari kubwa ile, ya nchi za watu, iliwarudisha wana wa wengine. Nilimwona Kambo akiondoka kabla ya maombi kwisha, akashuka peke yake mpaka majini, akasimama pale na viatu vyake.

Baada ya mazishi ya timu nilitegemea uani kwetu watu watatawanyika. Hawakutawanyika. Ndipo siku moja nilikuwa ufukweni nasugua sufuria kwa mchanga pamoja na Mwansa, rafiki yangu wa darasani, nikamwambia kwamba papa akirudi ataninunulia viatu vya shule. Mwansa aliacha kusugua. Alinitazama kama anayeona aibu kwa niaba yangu.

"Papa yako alikufa mu maji," akasema. "Siku ile ya timu. Batu bote banajua. Weye tu njo haujue."

Alikuwa mtoto wa rika langu. Yeye alijua, ndugu zake walijua, mwalimu wetu alijua, na wale wanaume wa mitumbwi waliokuwa wananishika kichwa wakipita walijua. Nchelenge yote ilikuwa imenizunguka, nami niko katikati natunza habari za mpira. Niliiacha sufuria majini nikapanda nyumbani.

Mama alikuwa anatwanga majani ya muhogo. Nilimwuliza kama ni kweli. Alisimamisha mchi, lakini hakuuachia.

"Nani alikuambia?" akasema.

Ni hayo tu. Hakunivuta kwake. Aliita jina la Shangazi, na Shangazi akatoka ndani, tayari ameshika kitenge.

Papa hakurudishwa. Mwishowe wazee wa ukoo walikata shina la mgomba, wakalivisha shati lake la Jumapili, wakalizika, ndivyo wanavyofanya mtu anapokosekana kabisa. Juu ya kaburi lile Kambo aliniita mbele ya watu wote na kuniambia kwamba sasa nimeruhusiwa, nimlilie baba yangu. Nilisimama pale. Nilijaribu, Mungu ananiona. Nililifikiria lile shati chini ya udongo, nikayatafuta machozi, nikakuta ndani mwangu hamna kitu. Niliona haya, kama mtu aliyeombwa kuimba na sauti ikamkatalia.

"Hana kitu," Kambo akasema. Hakupaza sauti. "Alisha kumwaga machozi yote siku ya kwanza, mbele ya batu. Maji ilisikia. Miye niliyemuzala nilijikaza, siku zote hizi nilijikaza. Weye haukuweza."

Baada ya hapo akaanguka juu ya udongo na kuanza kulia, na kilio chake sitaki kukieleza. Wanawake waliinamisha vichwa. Mimi nilimtazama mama. Yeye ndiye aliyepaswa kufungua mdomo na kusema, mtoto huyu hakujua, mimi ndiye niliyemwambia tunaililia timu. Nilimngoja aseme. Mama alikaza kitenge chake kiunoni akatazama kando. Kuanzia siku hiyo, pale kwetu, nilikuwa mtoto aliyelifunga ziwa. Hawakunipiga wala kuninyima chakula. Walipunguza tu sauti nilipoingia.

Leo mimi ni mama wa watoto wakubwa, na siamini kwamba maji yanasikia. Boti ilijazwa, upepo ulikuja, basi. Wengi hapa ziwani hawajawahi kupatikana, na hakuna mtoto aliyewalilia mapema. Kambo nilimsamehe zamani, hata kabla hatujamzika. Alikuwa ameshikilia kilio cha mwanawe wa kiume wa pekee siku zote zile, akitegemea kulipwa mwili wake. Kama kosa halikuwa la mtu, basi alijitesa bure, na hilo hakuliweza. Shangazi naye alifanya alichotumwa. Nikimfikiria nakasirika, halafu hasira inapoa yenyewe.

Mama ni suala jingine. Sasa ni mzee, anakaa kwangu, na majuzi tulikuwa tunamenya muhogo wawili tu, watoto wameenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Sikuwa nimepanga. Nilisikia mdomo wangu unauliza.

"Mama, siku ile pa kaburi, juu ya nini haukusema?"

Hakuniuliza siku gani. Aliendelea kumenya kidogo.

"Ningesema, bangesema ni miye nilimuzuia mutoto wabo kurudi," akajibu. "Nilikuwa mugeni mu ukoo yao. Bangetufukuza, miye na weye."

"Basi wakasema ni mimi."

"Weye ulikuwa mutoto," mama akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayefariji. "Nilifikiri utasahau."

Nilichukua muhogo mwingine. Nilitaka kumwambia mengi, na kila neno nililolishika lilikuwa kubwa mno kwa jiko letu. Nilitaka kumwambia kwamba hata sijui nilikuwa nafanya nini papa alipokufa, kwa sababu hakuna saa yoyote ambayo mtu alinikalisha chini akaniambia. Nilitaka kumwambia kwamba tulilia uani mule mule, mimi na yeye, hatua chache tu kati yetu, na angeninyoshea mkono tu tungekuwa wawili. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo nilimhamishia vipande vigumu upande wangu.

Nampenda mama. Namlisha, namwogesha akiugua, na nikichelewa sokoni nafikiria kama amekula. Wala sijamsamehe, naona niseme hivyo wazi, maana wote waliohusika wengine wamekwisha kufa. Papa alichukuliwa na ziwa, na ziwa sina la kulifanya. Lakini kilio cha kumlilia papa kilikuwa changu mimi, mwanawe, na mama alikitazama kinakwenda kwa watu wengine, akakiacha kiende.