Kuku Niliyempeleka Ukweni

Miaka ile ya wakimbizi, nilipokuwa karani wa wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, kilimani palifunguliwa hoteli ya mapumziko kwa ajili ya wageni wa mashirika ya misaada. Ilikuwa na bustani, miavuli ya rangi na bei za kuwatisha wenyeji. Mimi, kwa kiburi cha mtu anayetafuta mke, nikaona hapo ndipo pa kumkirimu baba wa mchumba wangu, mkulima wa Keza ambaye hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Nilimwagizia kuku na chipsi. Mfuko wangu ulitosha sahani moja tu, kwa hiyo nikamdanganya mzee kwamba nilishakula kazini. Tulisubiri mpaka mazungumzo yakatuishia. Kuku alipokuja alikuwa paja moja kavu, limeungua pembeni, na chipsi zimelegea, zinanuka mafuta ya jana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee aliitazama sahani, akawatazama watu waliojaa bustanini, asiguse kitu. Mimi ni mtu wa Nyamigogo. Kwetu njaa ikiuma unakula popote. Sikujua kwamba wazee wa kwao hawatafuni mbele ya kadamnasi.

"Karibu baba, chakula kitapoa," nilisema, kana kwamba hakijapoa.

"Mtu mzima hali hadharani, mwanangu," alinijibu kwa upole. "Waambie wakifunge. Tutakula nyumbani, na mama yao aonje unavyotukirimu."

Nilimsihi anywe soda tu, tukiache. Wapi! Alikipakata kile kifurushi ndani ya lori lililotupa lifti mpaka njia panda, kisha akakibeba mwenyewe kwenye vijia vya migombani. Kila tuliyekutana naye aliambiwa kwamba kijana ametoa chakula cha hotelini.

Nyumbani alikikabidhi jikoni, tukakaa sebuleni. Nilisikia karatasi ikifunguliwa, kisha watu wakitafuna, wakatafuna weee, kwa paja moja.

"Kuku huyu alichinjwa au alijifia?" sauti ya mama mtu ikauliza.

Wadogo wa mchumba wangu wakacheka mpaka wakakohoa. Masikio yaliniwaka moto. Mzee aliletewa kipande chake, akakitafuna chote bila haraka, akasema ni kitamu. Uongo ule wa huruma uliniumiza kuliko kicheko cha jikoni.

Ndipo mchumba wangu akaingia na sahani ya ndizi na maharage yanayofuka moshi. Akampita baba yake, akaitua mbele yangu.

"Baba anasema umeshiba," alisema, "lakini tumbo lako tunalisikia mpaka jikoni."

Nilikula nimeinamisha kichwa, kwa njaa ya kutwa nzima, nikashindwa hata kujifanya nakula polepole. Machozi yalinilenga. Sahani ilipobaki tupu nilikuwa bado sijathubutu kumtazama mtu usoni, na mzee akageukia mlango wa jikoni.

"Mwongezeeni mkwe," alisema.