Sakafu ya Skuli ya Paje

Tangu Mapinduzi kila mtu anajitolea. Mimi nikajitolea kuongoza ujenzi wa skuli Paje, karani wa mjini nisiyejua saruji, kwa sababu mke wangu Salma alinuna akarudi kwao, na kwao ni Paje.

Jioni, wenzangu walipoondoka, nikaandika kwa kidole kwenye sakafu mbichi: "Salma, rudi. Mto wako umeacha kunukia asumini." Nilidhani litapigwa tabaka jengine juu yake.

Asubuhi nikamuuliza fundi, "Tabaka la pili lini?"

"Lipi tena, kiongozi? Ndo ishakauka hiyo."

Wakaja kina mama na maji ya kumwagia sakafu. Mbele yao mkwe wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasoma polepole mpaka kwenye asumini. Akageuka.

"Salma! Tua ndoo uje usome. Mumeo mdomo hana, kidole anacho."