Pamba Ilipozidi Kwenye Mtumbwi wa Mama Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nasikia mpaka harufu yake: mbao kavu za mvule, moshi wa samaki, na jua la saa nne likichemsha magugu maji pale mwaloni Igogo, ufukweni mitumbwi inapotua. Ziwa lilikuwa limetulia kiasi kwamba visiwa vya mbali vilionekana vimening'inia angani, havijagusa maji. Ungedhani dunia nzima imelala, inaota ndoto nzuri. Macho nilikuwa mimi peke yangu, natetemeka.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mvi zangu bado zinahesabika. Lakini vijana wa mwaloni wameanza kuniamkia shikamoo, na siku hizi nimeacha kugeuka nyuma kutazama wanamwamkia nani. Naitikia tu marahaba. Sasa, mtu akishaitikia marahaba, hana budi awe na neno la kuwaambia watu. Langu ni hili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwetu ni Kisesa, kwa wakulima wa pamba. Shule niliishia darasa la saba, nikaja mjini kujifunza kutengeneza mitumbwi kwa Mzee Bwire, Mjita mmoja mpole mwenye viganja vipana kama makasia. Kazi aliyonipa ilinichekesha siku ya kwanza. Ukiunga mbao za mtumbwi, hata uwe fundi wa namna gani, kati ya ubao na ubao hubaki mwanya mwembamba. Mwanya huo hushindiliwa pamba kwa patasi butu na nyundo, maji yasipite. Basi nimeikimbia pamba shambani kwa baba, nakuja kuikuta inaningoja ziwani!

Mwaka ule mke wangu, Minza, alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Sijui kama ndiyo iliyonifungulia mlango wa mawazo au mlango ulikuwa wazi siku zote. Ninachojua, kichwa kilianza kufanya kazi ambayo sikukituma. Nikiona kiwingu, nimeshaona dhoruba. Minza akikohoa, nimeshajiona mgane nimebeba kichanga. Moyo ulikimbia nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Ugali ulikwama kooni. Minza akiniuliza, "Baba, una nini?" namjibu, "Mbona niko sawa." Wanaume tuna tabia hiyo. Nyumba inaungua, tunaulizwa habari za nyumbani, tunasema nzuri. Wazee walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, ila sisi huwa tunadhani walikuwa wanasema malaria tu.

Kazini mwenzangu Deusi, mpiga misumari, mtu wa mizaha asubuhi mpaka jioni, alikuwa amenibatiza jina. Kila jambo mimi naulizia, "Sasa ikitokea hivi, itakuwaje?" Ndipo akaniita Bwana Itakuwaje. Jina likanikaa kama kofia.

Akaja Mama Kabula. Mama huyu alikuwa mjane, mfanyabiashara wa ndizi na mihogo ya visiwani. Marehemu mumewe alikuwa mpasua mbao, na kabla hajafa alimpasulia mbao za mvule akamwambia, "Hizi ni za mtumbwi wako." Alizitunza miaka saba chini ya mabati, hakuuza hata kipande. Alipozileta mwaloni alizishusha mwenyewe, moja moja, kama anayelaza watoto. Zikiharibika hizo, mwanangu, hakuna duka la kununua nyingine.

Tukaunda mtumbwi. Ukafika wakati wa pamba, na Mzee Bwire akapata msiba kwao Majita.

"Kazi hii ni yako peke yako," akaniambia, mkoba begani. "Ila nisikilize. Mbao hizi zimekauka miaka saba, zina kiu. Zikiingia majini zitakunywa, zitavimba, zitabana zenyewe. Wewe jaza pamba ya kutosha, uiachie mbao nafasi. Nyundo ikibadili sauti, acha."

"Sawa, Mzee. Lakini ikivuja, itakuwaje?"

"Itavuja," akasema, akaenda zake stendi.

Hilo neno moja likanimaliza.

Siku ya kwanza nilimaliza kazi yote kabla ya jua kuzama, na ilikuwa kazi nzuri, nakuapia. Siku ya pili wakati wa chai nikaanza kuwaza: pale karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi, pamba imetosha? Nikarudi na patasi. Nikaongeza kidogo. Halafu upande wa pili nao nikauonea huruma, nikaongeza. Nilipofumba macho nilimwona mama mjamzito amekaa katikati ya mtumbwi ule, maji yamemfika kifuani, na sura yake ni ya Minza. Nikaongeza tena. Nyundo ilibadili sauti, ikawa inalia ngi! ngi! kama inayopiga jiwe, na mimi naisikia, na siachi.

"We Itakuwaje," Deusi akapaza sauti, "hicho unachotengeneza ni mtumbwi au godoro?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Siku ya tatu nikaongeza tena. Akili nyingi huondoa maarifa, na siku zile mimi nilikuwa na akili nyingi mno.

Mzee aliporudi tulikuwa tumeshapaka rangi. Hakuona kitu. Tukausukuma mtumbwi mpaka maji ya magotini, tukaufunga hapo unywe, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo ilipo ile asubuhi ninayokuambia. Mama Kabula amevaa kitenge kipya, anapiga vigelegele. Korongo wanazunguka na vipara vyao kama wajumbe wa kamati. Ziwa linang'aa. Nami moyo ndudu-ndudu-ndudu.

Tuliuacha siku nzima na usiku wake. Kesho yake mchana, tukiwa tunakula, tukasikia mlio. Kwaa! Kama mtu amevunja mfupa. Tukakimbia. Ubao mmoja wa chini ulikuwa umeruka kutoka kwenye mbavu za mtumbwi, misumari imeng'oka, na ufa umeupasua urefu wa mkono.

Mama Kabula aliingia majini na kitenge chake, akaupapasa ule ufa.

"Labda hazikuwa zimekomaa," akasema polepole, kama anaongea na mtu asiyekuwepo. "Labda aliupasua mti mapema. Alikuwa na haraka, unajua. Alikuwa anaumwa."

Deusi akadakia, na nia yake ilikuwa njema, "Ndiyo, mama. Mbao za zamani zina mambo yake."

Mwanangu, ulikuwa ni mlango wa kutokea, umefunguliwa wazi mbele yangu. Ningenyamaza tu. Marehemu asingekuja kujitetea. Lakini nilimtazama yule mama anavyomwondolea mumewe heshima kidogo kidogo kwa sababu yangu, nikaona hofu zangu zote za mambo yasiyokuwepo si kitu mbele ya jambo hili lililopo.

"Mbao hazina kosa, mama," nikasema. "Ni mimi. Nilizidisha pamba. Mzee alinikataza. Nilizidisha siku mbili nzima."

"Kwa nini?" Mzee Bwire akauliza. Hakupaza sauti.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Ndipo yakatoka yote, palepale, miguu ikiwa ndani ya maji. Wingu, kikohozi, mama mwenye sura ya Minza, ugali usiopita, moyo unaokimbia bila kufukuzwa. Nilisema nikilia, mwanaume mzima, mbele ya wapakia ndizi. Nilipomaliza nikangoja kicheko cha Deusi.

Deusi akajikuna kichwa. "Mimi," akasema, "kila nikitaka kupanda mtumbwi tumbo linanikata, naenda chooni mara tatu. Mnadhani nina maradhi ya tumbo. Sina. Ni woga. Mwaka wa sita huu."

Watu wakacheka kweli sasa, naye wa kwanza, lakini hicho kilikuwa kicheko cha watu wanaotua mizigo.

Mzee Bwire akanishika bega. "Ubao ukivimba unataka mahali pa kwenda. Wewe umejaza kila mahali. Kazi yetu sisi, kijana, ni nusu. Nusu inayobaki ni ya ziwa, na ziwa halikuomba msaada wako."

Hukumu aliitoa Mama Kabula. Alikuwa bado ameshika ule ubao.

"Mume wangu aliupasua vizuri, siyo?"

"Vizuri sana, mama."

"Haya. Wewe uliyeniharibia ndiye utakayenitengenezea. Na kila jioni nitakuja kukaa hapa, uniambie umeogopa nini siku hiyo. Ukinificha, nitajua."

Wiki mbili nilichokoa pamba mwanya kwa mwanya. Palipopasuka tulikata tukatia kiraka cha mvule uleule. Na kila jioni alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniuliza. Hakunihubiria. Nikimwambia naogopa Minza kufia uzazini, aliuliza, "Hilo lina kazi ya kufanya leo?" Nikasema ipo: kumpeleka kliniki. "Basi mpeleke. Na lililobaki?" Nikajibu, lililobaki halina kazi, mama. "Basi na litulie, tumelisikia." Ndivyo tu. Siku nyingine alinisikiliza tu, akaniachia ndizi mbili, akaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo kumcheka asiyejali. Lakini wangu yeye aliupima kwa mkono wake, akaona uzito.

Tuliuingiza tena majini siku ya Jumamosi. Ukavuja! Maji yalichuruzika kwenye maungio kama jasho, na mikono yangu ikaitafuta nyundo. Nikaikalia mikono. Nilikaa hivyo tangu asubuhi, natazama maji yakipanda ndani ya mtumbwi, vidole vinne, kisha vitano. Alasiri nikaona hayaongezeki. Tukayakomba, tukangoja, na ndani pakabaki pakavu. Mama Kabula akapanda, akakaa katikati, akaliita jina la mumewe mara moja tu.

Sikwambii kwamba hofu iliisha. Ilirudi mtoto alipozaliwa, ikarudi miaka mingine, na safari moja ilinibana wiki nyingi mpaka nikaenda zahanati, nikamwambia mganga kama nilivyowaambia wale wa mwaloni. Alinisikiliza, wala hakushangaa. Aliniambia wanaume wanaokuja na habari kama hiyo ni wengi, ila huanza kwa kusema wanaumwa mgongo.

Kwa hiyo mwanangu, hasa wewe mvulana unayejibu "niko poa" huku kifua kinagonga: mtafute mtu mmoja umwambie. Si lazima awe na elimu, awe na masikio tu. Wazo likija, liulize kama lina kazi ya leo. Likiwa nayo, fanya, kisha weka nyundo chini. Likiwa halina, usilipige ngumi wala usilikaribishe chakula; lipite. Rafiki yako akiwa na mawazo mengi usimpe jina la utani, mpe nafasi pembeni yako. Na siku zikipita huli, hulali, unaona afadhali usiwepo, usingoje kesho: nenda kwa waganga wa hospitali, na ukishindwa kwenda peke yako mwambie mtu akushike mkono. Kumwambia mtu hakukupunguzii uanaume hata chembe.

Mungu akujalie kifua chepesi. Akujalie watu watakaokuuliza hali mara ya pili, wakiwa hawajaridhika na jibu la kwanza, na siku hiyo akupe ujasiri wa kuwajibu kweli. Uende salama, mwanangu.