Sauti Niliyompa Mnyonya Damu

Mwenye banda la video aliponiuliza kama naweza kumpa yule mnyonya damu wa filamu sauti ya mtu anayejulikana mtaani kwetu Buyenzi, nilipaswa kukataa. Sikungoja hata amalize swali. Nilimwambia, "Ninaye mtu."

Wakati huo nilikuwa nimestaafu ukarani wa bandarini, na kazi yangu ya uzeeni ilikuwa kutafsiri filamu. Picha zinakuja kwa Kifaransa, watazamaji wanataka Kiswahili, kwa hiyo mtu mmoja hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea wote waliomo: mwanamume, mwanamke, mtoto, mbwa. Kifaransa nilikipata sekondari. Mbwa nilijifunza mwenyewe.

Safari hii ilikuwa katuni ya kutisha ya vipindi kumi, iliyotokana na mchezo wa video. Ngome nyeusi mlimani, popo, majeneza, mvua isiyokatika, na bwana wa ngome aliyeishi kwa damu za watu. Vijana walikuwa wamecheza ule mchezo miaka mingi, wanajua kila chumba cha ngome. Mimi sikujua hata ngazi ziko wapi. Jumamosi ya kwanza, nilipokuwa nikimsemea shujaa kwa sauti nzito, mtu akaniita kutoka benchi la nyuma: "Muzee, usimupeleke huko, kuko shimo." Mara shujaa akatumbukia. Watu wakacheka badala ya kuogopa.

"Kama hawaogopi, basi wacheke vizuri," mwenye banda akaniambia walipotoka. Ndipo akaniomba ile sauti.

Niliyemfikiria alikuwa rafiki yangu, fundi cherehani. Tulijuana tangu ujana, mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na kila asubuhi nilikunywa kahawa kwenye kibaraza chake, karibu na cherehani. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Alikuwa mtu wa adabu ya kupita kiasi. Kabla ya kusema lolote alikohoa mara tatu, polepole, akaweka kiganja kifuani, akasema, "Kwa ruhusa yenu, ndugu zangu." Alisema hivyo hata akitaka kupima kiuno cha mteja mmoja.

Basi Jumamosi ya pili mnyonya damu alisimama mlangoni pa binti aliyelala, akafunua meno. Nilikohoa mara tatu. "Kwa ruhusa yenu, ndugu zangu."

Banda zima lilivunjika mbavu. Nusu yao walikuwa wamevaa suruali alizoshona yeye. Kufikia kipindi cha nne watoto walikuwa wakimjibu mnyonya damu kwa pamoja, "Karibu, shingo iko hapa," na mwenye banda akaongeza mabenchi. Nikipita njiani nilisalimiwa kama mchezaji wa mpira. Nilifurahi sana. Hata sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, ingawa sina haki ya kucheka.

Fundi hakujua lolote. Alasiri za Jumamosi alikuwa na nguo za harusi za watu, na bandani hakuwahi kuingia. Watoto walipopita kibarazani wakikohoa, aliwapa pole na kuwashauri wanywe chai ya tangawizi.

"Kifua gani hiki kimewapata watoto?" akaniuliza siku moja.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kikombe mkononi. Ningeweza kumwambia, naye angecheka, najua. Nikasema, "Ni vumbi."

Wiki chache baadaye aliniambia anataka kuoa. Ni mama mmoja muuza vitambaa, naye alikuwa amefiwa na mume. "Mi naogopa kwenda peke yangu," akasema. "We unajua kusema. Ukanisemee." Sijawahi kuombwa jambo la heshima kuliko hilo.

Siku ya posa tulikaa sebuleni kwa kaka wa yule mama, pamoja na wazee wengine wawili. Nilisema maneno yangu, yakapokelewa. Kisha kaka akasema, "Vizuri. Sasa tumusikie muoaji mwenyewe."

Nilimvuta fundi mkono wa kanzu. "Sema tu ndiyo, inatosha."

"Apana," akaninong'oneza. "Hapa ni pa adabu."

Akakohoa mara tatu. Akaweka kiganja kifuani. "Kwa ruhusa yenu, ndugu zangu."

Watoto wa nyumba ile walikuwa wamejibana nyuma ya pazia kusikiliza. Wakajibu kwa sauti moja, "Karibu, shingo iko hapa."

Kaka alijaribu kukunja uso, chai ikamtoka puani. Wale wazee wawili wakajifunika nyuso kwa kofia zao. Nyuma ya pazia nikasikia pia kicheko cha mwanamke. Fundi alitutazama mmoja mmoja, akitabasamu kwa adabu kama mtu asiyesikia vizuri, akauliza watoto wanasema nini. Kaka, akifuta machozi, akamweleza yote: ngome, meno, kikohozi. "Na anayefanya ile sauti si huyu muzee wako?"

Rafiki yangu akanigeukia. "Ni we?"

"Ni mi."

"Na lile vumbi?"



Posa ilikubaliwa. Yule mama alisema baadaye kwamba alimpenda siku hiyo hiyo, kwa sababu mwanamume anayechekwa namna ile bila kupandisha hasira anafaa kuishi naye. Wameoana, fundi amenenepa, na kanzu zake sasa zinapigwa pasi. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Vipindi viwili vya mwisho nilimpa mnyonya damu sauti yangu mwenyewe, watu wakapiga miayo. Nimekwenda kibarazani kuomba msamaha mara tatu. Kila mara fundi alinipa kiti, akanimiminia kahawa, akasema amekwisha kunisamehe, na naamini ni kweli. Kisha akainamia cherehani. Wateja wakija anawakoholea na kuwaomba ruhusa kama zamani. Mimi nikiwepo hakohoi, na hasemi zaidi ya maneno mawili, kama mtu aliyekaa na mwizi.

Siendi tena. Kahawa nakunywa nyumbani. Kwa vicheko vya Jumamosi chache nilimpoteza rafiki wa miaka arobaini, na sikuwa na mwingine.