Salamu za Sesilia

Mama mkubwa Sesilia alikaa na msiba miaka mingi kuliko aliyokaa na ndoa. Mumewe, Albano, alitoka Newala kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mwamba ukamwangukia, akazikwa hukohuko. Nchi yetu ilikuwa imepata uhuru na kukata mguu kwa makaburu, kwa hiyo kaburini asingefika. Basi pale Kiwalani, alipofanya kazi ya kusugua vinyago kwa msasa, alikataa tanga lianuliwe, msiba uishe. Alisema mtu hajaagwa. Kaniki ya msiba hakuivua, na mwanamume aliyekuja kumposa alirudi alikotoka. Nilimhurumia, na siku nyingine ukaidi wake ulinichosha.

Mwaka wa Azimio akaja Kasiani, aliyechimba pamoja na Albano. Hakuleta nguo wala pete ya marehemu. Alisema kule chini, karibu na pale Albano alipofia, wasomi walipanga masanduku ya mafuta, wakazitega chembe za kutoka angani ziitwazo nyutrino. Walitaka kujua zinatoka wapi, kwenye nyota gani. Shikamoo niliyompa nikatamani nimnyang'anye.

"Mjomba, mtu kafiwa, wewe unamsimulia ngano?"

Mama mkubwa alininyamazisha kwa jicho. "Zinafikaje chini kote huko, shemeji?"

"Zinapenya. Mwamba hauzizuii, wala hazipindi njia. Walizozitaka hasa ni zile za ubavuni, zisizoshuka kutoka juu bali zinazoingia ardhini mbali sana. Hata upande wetu huu."

"Hapa Kiwalani?"

"Hapahapa tulipokaa. Zinatupita mwilini, hatujui."

Akaweka msasa chini. "Halafu zinatokea alipo Albano."

"Nyingine, ndiyo." Kasiani aliinama, hakuwa mtu wa kudanganya. "Lakini hazibebi kitu, shemeji. Wasomi wanasema hazina hata uzito."

"Salamu nazo hazina uzito," alisema mama mkubwa.

Kwetu msafiri haachwi apite hivihivi, hupewa salamu za kupeleka. Mama mkubwa aliweka kiganja kifuani, akazungumza Kimakonde kwa sauti ya chini. Alimsalimu mumewe, akampa habari za nyumbani, nani kazaliwa, nani katangulia. Akamwambia hajamkasirikia kwa kutorudi. Hapo nililia, na Kasiani pia. Mwisho akamuaga kwa jina lake la jandoni, ambalo sikuwahi kulisikia.

Kisha akanituma kwa majirani, niwaambie waje, tanga linaanuliwa.