Blanketi la Pampu

Ukipita Ruring'u, kule Nyeri, ukaona bwawa la kuogelea lenye maji yanayoonyesha hadi ufa wa sakafuni, shukuru mikono hii. Sijisifu. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa na mambo ya kunifundisha, lakini kutoka Kutus hadi Murang'a hakuna pampu isiyolijua jina langu.

Haya basi, habari ni ya Gathogo, mtunza bwawa hilo. Gathogo hajui kuogelea. Hata manyunyu humkuta amefunga vifungo vyote vya koti. Zamani alikuwa akilisha ng'ombe wa Watiri, yule mama mwenye gesti. Watiri alipouza ng'ombe akachimba bwawa pale pale penye zizi, na Gathogo akabaki nalo. Kila asubuhi hupima maji kwa kiwiko, kama mama anayetaka kuogesha mtoto. Muulize bwawa liko vipi, atakwambia, "Leo imeamka vizuri."

Kuogelea Nyeri, wajomba zangu, ni kazi ya kupigwa picha tu, kwa baridi ya huko. Mteja pekee niliyemwona akiingia mwezi wa saba ni Garad, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, naye alitoka kwa kasi hata sijui kama maji yaliwahi kumgusa.

Julai hiyo pampu ikaanza kuzima. Inanguruma nusu saa, kisha kimya. Maji yakawa kijani kama mukimo uliopondwa na majani ya maboga. Watiri akaja, mikono kiunoni.

"Gathogo, mimi sifugi vyura. Hii kitu ikizima tena Jumamosi naleta lori ya udongo, najaza hii shimo, napanda viazi."

"Na mimi, Madam?"

"Wewe tafuta mahali ingine kuna swimingi."

Mahali pengine! Gathogo akanipigia simu akikaribia kulia.

Nikatoka Kutus na mfuko wangu wa vyuma. Nikakuta pampu imepanguswa, imepoa, imetulia kama mtoto wa shule siku ya wazazi. Nikawasha, ikaimba. Nikasema hewa inaingia kwenye paipu, nikakaza viungo. Sijafika nyumbani, simu: imezima. Safari ya pili nikatoa majani ya avokado kwenye chujio. Ikaimba mpaka nikaondoka, ikazima. Ijumaa nikabadilisha kapasita, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Ikaimba tena.

"Anko," Gathogo akasema, "hii pampu inakuogopa wewe."

Nilikuwa nimeanza kushuku hivyo mwenyewe.

"Basi niachie picha yako niitundike hapa."

Nikampa ya pasipoti, ile niliyovaa tai.

Nilipofika stejini kupanda matatu nikakumbuka spana yangu. Nikarudi. Nilichokuta kwenye kile kibanda cha mabati sijawahi kukiona popote nilipotengeneza mitambo: pampu imevikwa blanketi zito, imefungwa kamba tumboni, imevalishwa kofia ya marvin kichwani. Na ukutani mimi, na tai yangu, ninaitazama.

"Gathogo! Hii ni nini?"

"Ni baridi, Anko. Hujaona vile inatetemeka?"

"Pampu zote hutetemeka!"

"Hii imezidi. Hata ndama ukiacha hivyo Julai inashika nimonia."

"Na nikija mimi?"

"Naivua. Mgeni atamkuta mtu na blanketi kweli?"

Nikaigusa. Ungeweza kupikia chapati. Nikamweleza: mota ina feni kwa nyuma, inavuta hewa ijipoze, joto likizidi, swichi ndogo ya ndani inajikata yenyewe mpaka ipoe. "Wewe unaiziba pua, halafu unaniita nikwambie kwa nini imezimia!"

Gathogo akaketi juu ya ndoo.

"Hata marvin tu, Anko?"

"Hata marvin."

"Na soksi—"

"Gathogo!"

Jumamosi nikarudi mapema, na lori likaja, limejaa udongo. Watiri akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Mpaka wakati wa lanchi," akamwambia dereva. "Ikizima, mwaga."

Pampu ikawashwa ikiwa uchi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Gathogo akaitazama, akavua koti. Akaitazama tena, akavua sweta.

"Vaa nguo, wewe!" nikamwambia.

"Haiwezi kuvumilia peke yake."

Nusu saa ikapita, pampu inaimba. Saa nzima. Halafu Watiri akainuka ghafla. "Hiyo kelele ni ya nini? Si imeanza kuharibika?"

Dereva naye akashika mlango wa lori.

"Hapana, mama," nikasema. "Hayo ni meno ya Gathogo."

Lanchi ikafika, pampu haijakohoa hata mara moja. Watiri akaligonga lori ubavuni: "Peleka huo udongo shambani kwangu." Gathogo akataka kushangilia, baridi ikamwangusha hapo hapo kando ya bwawa. Nikachukua blanketi la pampu, bado linanuka raba iliyoungua, nikamviringisha, nikamvika na marvin.

Meno yakaacha kugongana, akanitazama.

"Si unaona, Anko," akasema. "Inasaidia."