Dhahabu ya Chini ya Foteli

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimeshuka mashimo ya dhahabu ya Salamabila na tochi kichwani, nimeona kilima kikibomoka asubuhi na watu wakarudi kuchimba palepale mchana. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri, na leo nyumba yangu ya matofali ya kuchoma iko Kasongo, kando ya barabara, hata mwalimu aliyekuwa ananichapa anaiangalia akipita. Kwa hiyo mama mkwe aliposema kwamba nyumba ile inamuumiza mtoto wangu, sikushangaa. Nilikasirika tu, kimoyomoyo, maana mama mkwe hajibiwi.

Kazi yangu ni kununua dhahabu. Wachimbaji wananiletea unga wao umefungwa kwenye vikaratasi, nami ninaupima salon, chumba cha wageni, juu ya meza ndogo. Sasa, sisi wanunuzi tulitoka Salamabila na sheria moja: vumbi la nyumba halitupwi. Chembe zinaruka kwenye mizani, zinaanguka chini, zinajificha kwenye kapeti. Kwa hiyo unafagia pakavu, polepole, vumbi unalitia kwenye bidoni, dumu la plastiki, na siku moja unaliosha kwenye karai kama mchanga wa mtoni. Maji sakafuni ni marufuku. Yatabeba mali yako mpaka uani kwa kuku.

Miaka mitatu mke wangu alifagia hivyo. Na barabara ile, wakati wa kiangazi, pikipiki zikipita, vumbi jekundu linaingia na kukaa juu ya rido za madirisha, juu ya foteli za kukalia wageni, kila mahali.

"Baba ya batoto," aliniambia, "siku gani tutapangusa hii simenti na maji?"

"Wewe unataka kupangusa feza?"

Akacheka kidogo, akashika ufagio.

Binti yetu wa mwisho, wa miaka sita, alikuwa anakohoa. Kila asubuhi ufagio ukianza, naye anaanza, kifua kinalia filimbi mpaka macho yanatoka machozi. Nilinunua dawa za kunywa, sindano, mafuta ya kupaka. Mimi si mtu wa kushindwa na bei. Muuguzi aliniuliza kama nyumbani kuna vumbi. Nilimjibu kwamba nyumba yangu ni ya simenti. Nilijibu kwa sauti, wengine kwenye foleni wasikie.

Ndipo mama mkwe akapanda pikipiki kutoka Lusangi kuja kumwona mjukuu. Akaswali adhuhuri salon, juu ya kapeti. Alipomaliza na kugeuka, paji lake la uso lilikuwa jekundu kama la mtu aliyetoka shimoni. Hakuniangalia. Alimwambia mke wangu, lakini kwa sauti ya kunifikia:

"Mimi muzee, udongo unaningoja. Huyu mutoto munamufunika sasa kwa nini?"

Kisha akachota maji kwenye ndoo, akachana kitenge chake cha zamani vipande viwili, akapiga magoti, akaanza kupangusa chini ya foteli.

Wachimbaji wawili walikuwa wamekaa pale na vikaratasi vyao. Mama mkwe wangu, kwa magoti, anasugua sakafu ya nyumba yangu mbele ya watu. Kumkataza siwezi. Kumnyang'anya kitambaa siwezi, hata mkono wake sigusi. Njia ilibaki moja. Nilikunja suruali, nikachukua kile kipande cha pili, nikapiga magoti upande wa pili wa salon.

"Patro," mchimbaji mmoja akaniambia mimi bosi wake, "leo tunachimba wapi?"

"Chini ya foteli. Na wewe njoo ushike kapeti upande ule."

Maji yalitoka mekundu, tukayabadilisha mara tano. Kapeti tulilikung'uta mbali na mtoto, na halikurudi ndani. "Mwambie mume wako hili ni shamba," mama mkwe alisema. Mizani niliihamishia kibanda cha uani, wateja wakaacha viatu mlangoni, na tangu siku ile sakafu inapanguswa kwa kitambaa chenye maji, rido zinafuliwa.

Siku ya nane niliamka nikakaa kitandani kungoja kikohozi. Hakikuja. Nilikwenda kuangalia kama mtoto anapumua. Alikuwa anapumua, mdomo umefungwa, kimya. Nilikaa pale mlangoni mpaka jua likatoka.

Vumbi la miaka mitatu, lile la kwenye bidoni, nililiosha lote. Dhahabu niliyopata niliiweka kwenye mizani, upande wa pili njiti moja ya kiberiti. Njiti ikashinda.

Kiangazi binti bado anakohoa mara mojamoja, lakini anakimbia na wenzake. Kwa hilo nasema alhamdulillah, na namshukuru mama mkwe, ambaye hakusoma hata kama mimi. Nilitaka kumpa mbuzi wawili. Akatuma jibu kupitia mke wangu: mbuzi hapana, anataka kitenge badala ya kile alichochana. Nilimchagulia mwenyewe sokoni Kasongo, faranga elfu ishirini na nane na mia tano.